Tangi la matumbawe Dodoma: kutoka dalili hadi chanzo

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kujenga, au aliye katikati ya kujenga, tangi kubwa la matumbawe nyumbani kwake kwa vifaa vya kuunga mwenyewe: kioo kilichokatwa na fundi vioo, stendi ya skwea paipu, mabomba ya PVC ya duka la vifaa vya ujenzi, taa za LED zilizofungwa kwenye bamba la aluminiamu, na tangi la chini lenye pampu ya kurudisha maji juu. Hesabu zote zilizomo zinatokana na tangi langu mwenyewe, lenye urefu wa sentimita 150, upana wa 70 na kimo cha 60. Ukijumlisha tangi la chini na kutoa nafasi inayochukuliwa na mawe, mfumo mzima unabeba takribani lita 700 za maji.

Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari, au katika nchi ambako hewa ya ndani ya nyumba ina unyevu wa kutosha. Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, kiangazi chake huanza Mei na kuendelea hadi Novemba, upepo wake unabeba vumbi, na maji ya visima vyake mengi ni magumu kiasi kwamba birika la chai huota utando mweupe ndani ya miezi michache. Kwa hiyo dalili ambayo mfugaji wa Tanga angeifuatilia kama ugonjwa, hapa kwetu mara nyingi huwa ni chumvi iliyopanda, hewa iliyopungua, au maji mabaya ya kujazia. Anza na hayo matatu kabla ya kununua dawa yoyote.

Unapoona dalili, jiulize kwanza kama imekuja usiku mmoja au imejengeka kwa wiki kadhaa, na kama imegusa kiumbe kimoja au vyote. Kisha pima mambo manne na kuyaandika: chumvi iwe karibu na sehemu 35 kwa elfu, joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, pH (kipimo cha uasidi wa maji) iwe kati ya 8.0 na 8.4, na ualkali, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isishuke, uwe kati ya 7 na 11 kwa kizio cha dKH. Daftari lenye vipimo vya miezi sita lina thamani kuliko kipimo kimoja cha gharama kubwa, kwa sababu tatizo la matumbawe ni badiliko zaidi kuliko namba yenyewe.

Matumbawe yote yamejikunja kwa wakati mmoja

Tumbawe moja likijikunja peke yake, huenda limechomwa na jirani yake au limeguswa na samaki. Yote yakijikunja ndani ya siku moja au mbili, tatizo liko kwenye maji, na kitu cha kwanza cha kupima ni chumvi. Maji yanapopotea kwa mvuke, chumvi haiondoki nayo, bali hubaki tangini. Katika siku za Agosti na Septemba, madirisha yakiwa wazi na feni ikipuliza juu ya maji, tangi langu hupoteza karibu lita 10 kwa siku. Wiki moja bila kujaziwa ni lita 70, na chumvi iliyokuwa 35 inafika karibu 39, kiwango ambacho matumbawe mengi hayakivumilii kikija kwa haraka namna hiyo.

Ikiwa unajazia kwa mkono, chanzo ni siku ulizosafiri au kusahau. Ikiwa umefunga boya la kujazia lenyewe, lichunguze, kwani huharibika kwa namna mbili zilizo kinyume. Linaweza kukwama likiwa limefungwa, kwa sababu ya chumvi iliyoganda au konokono aliyejibanza kwenye mkono wake, na hapo chumvi hupanda. Linaweza pia kukwama likiwa wazi, na hapo maji yasiyo na chumvi huendelea kuingia na chumvi hushuka. Kinga ya kosa hili la pili ni ukubwa wa chombo cha akiba: dumu la lita 20 likimwagika lote ndani ya lita 700 hushusha chumvi kutoka 35 hadi 34 tu, jambo ambalo tangi linalistahimili. Nimewahi kuona boya lililounganishwa moja kwa moja na tangi la juu ya nyumba, na mwenyewe akalisifu kwamba halihitaji kuangaliwa. Lilidumu miezi miwili, likakwama usiku, na asubuhi hapakuwa na cha kuokoa isipokuwa mawe.

Kabla ya kurekebisha chochote, hakikisha kipimo chenyewe kinasema kweli. Refraktomita, yaani kifaa cha kupima chumvi kwa kutumia mwanga, iliyosawazishwa kwa maji matupu yasiyo na chumvi inaweza kusoma sawa kwenye sifuri na kukosea pale kwenye 35, ambako ndiko unakokuhitaji. Unaweza kutengeneza kioevu cha kusawazishia kwa mizani ya jikoni yenye usahihi mzuri: gramu 36.5 za chumvi ya mezani iliyo kavu, ndani ya gramu 963.5 za maji safi, huonekana kwenye refraktomita sawasawa na maji ya bahari yenye chumvi 35. Huo ndio mwisho wa matumizi ya chumvi ya mezani katika kazi hii. Maji ya tangi hayatengenezwi nayo, kwa kuwa haina kalisi, magnesiamu wala ualkali ambavyo matumbawe huvitumia kujenga mifupa yao.

Chumvi ikithibitika kuwa juu, ishushe kwa sehemu moja kwa siku, si zaidi. Katika mfumo wa lita 700 wenye chumvi 39, kutoa lita 18 za maji ya tangi na kurudisha lita 18 za maji safi kunakufikisha kwenye 38. Anayeirudisha 35 kwa jioni moja huwa ameongeza pigo la pili juu ya la kwanza.

Samaki wanahema karibu na uso wa maji alfajiri

Hii ndiyo dalili ninayoona kwamba wafugaji wa bara tunaidharau kuliko zote. Katika kimo cha Dodoma mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko wa pwani kwa zaidi ya asilimia 10, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini hupungua kwa kadiri hiyohiyo. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 yanaweza kushika takribani miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita pale Dar es Salaam, lakini hapa yanashika karibu 5.8 tu, hata yakitikiswa vizuri na pampu. Usiku mwani na matumbawe hayatengenezi oksijeni bali huitumia, ndiyo maana upungufu hujidhihirisha alfajiri. Tangi lenye samaki idadi iliyoandikwa kwenye maelekezo ya watu wa pwani, hapa kwetu tayari lina samaki wengi mno.

Angalia kwanza kama uso wa maji unatikisika au umetulia na kufunikwa na utando unaong'aa kama mafuta. Vumbi la Julai hadi Oktoba huongeza utando huo, nao huzuia hewa kuingia. Mdomo wa kufurikia unaopeleka maji tangi la chini ndio unaopaswa kuufyonza. Ikiwa meno yake yamezibwa na mwani, au maji yako chini ya usawa wake, utando hubaki juu. Safisha mdomo, elekeza bomba moja la kurudisha maji lipige uso, na hakikisha kitoa povu, kifaa kinachotoa uchafu majini kwa viputo vya hewa, kinavuta hewa bila kizuizi, kwani mara nyingi kitundu chake cha hewa huwa kimejaa chumvi iliyoganda na hufunguka kwa maji ya moto.

Ikiwa dalili hutokea tu baada ya umeme kukatika usiku, dawa ni akiba ya nguvu. Usiiweke taa wala kipasha joto kwenye inveta. Pampu moja ya wati 40 kwenye betri ya volti 12 na saa-ampea 100, ukiitumia nusu ya uwezo wake ili isife mapema, huenda takribani saa 12. Asiye na inveta anunue pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, aijaribu kila mwezi, na aiweke mahali ambapo hata mtoto aliyebaki nyumbani ataiona.

Kuna hali inayofanana na hii lakini chanzo chake ni hewa ya ukaa: samaki hawahemi sana, ila pH huamka ikiwa 7.7 na kupanda mchana. Hutokea zaidi Juni na Julai, wakati madirisha hufungwa kwa baridi, watu wanalala wengi ndani, na pengine jiko la mkaa limetumika karibu. Ili kuthibitisha, chota kikombe cha maji ya tangi, kipeleke nje, kipulizie hewa kwa saa moja, kisha upime tena. Ikiwa pH imepanda, hewa ya chumba ndiyo yenye kosa, na badala ya kumimina kemikali, peleka mpira wa hewa wa kitoa povu nje ya dirisha.

Kamba na konokono wanakufa, samaki wako wazima

Fikiria shaba mara moja. Kiasi kidogo ambacho samaki hakioni huua kamba, konokono na hatimaye matumbawe. Boya nililolifunga mwanzoni lilikuwa lile la kawaida la tangi la maji ya nyumbani, lenye koki ya shaba nyeupe iliyopakwa rangi ya kung'aa, na muuzaji aliniambia kwa nia njema kabisa kwamba la plastiki ni dhaifu. Ndani ya wiki tano sikuwa na konokono hata mmoja. Pitia mfumo wote na kuondoa kila kiungo cha chuma kinachogusa maji: koki, vibano vya mpira, skrubu za pampu iliyoungwa, sumaku ya kusafishia kioo iliyopasuka. Baada ya hapo weka mkaa amilifu (wa kuchujia maji) mpya na badilisha asilimia 20 ya maji kila wiki kwa mwezi mmoja. Dawa za samaki zenye shaba nazo hazitiwi kamwe katika tangi hili. Samaki mgonjwa hutibiwa katika ndoo au tangi lake la pekee, na mawe yaliyowahi kuloweshwa dawa hiyo hayarudi kwa matumbawe.

Mwani umefunika mawe

Utando wa kahawia kwenye mchanga katika wiki za mwanzo ni wa kawaida na hutoweka wenyewe. Ukirudi baada ya miezi, au ukifuatwa na nyuzi za kijani na utando mwekundu unaoteleza, chunguza maji ya kujazia kabla ya kulaumu chakula cha samaki. Kila lita inayovukizwa hurudishwa kwa lita nyingine, na kama lita hiyo ina naitreti, silika na chokaa, vyote hulimbikizana. Kwa lita 10 kwa siku ninajazia lita 300 kwa mwezi, karibu nusu ya tangi zima. Pwani kosa hili lingechukua muda mrefu zaidi kuonekana. Visima vilivyo karibu na vyoo vya shimo huwa na naitreti nyingi, na kuyachemsha maji hakuiondoi bali huikoleza.

Maji ya kujazia yapite kwenye mtambo wa RO, unaosukuma maji kupita utando mwembamba, na chujio la mwisho la kuondoa madini, na kipimo cha TDS, yaani jumla ya vilivyoyeyuka majini, kisome sifuri au moja. Kikipanda, tafuta hatua iliyoshindwa kwa mpangilio. Pima maji kabla na baada ya utando wa RO: ukiwa mzima huondoa zaidi ya asilimia 90 ya vilivyoyeyuka. Ukiondoa asilimia 80 tu, huenda chokaa imeuziba, au klorini imeutoboa kwa sababu chujio la mkaa lililo mbele yake limechoka. Ikiwa utando ni mzima na chujio la mwisho linaisha kila wiki chache, lawama ni ya ugumu wa maji. Shinikizo dogo la bomba nalo hupunguza ubora, na pampu ndogo ya kuongeza shinikizo hulimaliza tatizo hilo. Mtambo humwaga lita tatu au nne kwa kila lita moja inayotoka safi. Katika mji kama huu maji hayo hayamwagwi, yana kazi ya kufua na kudekia.

Rangi imebadilika

Hapa mahali dalili ilipo husema zaidi kuliko rangi yenyewe. Tumbawe lililopauka upande wa juu tu, huku kivuli chake kikibaki na rangi, limepigwa na mwanga mwingi. Inua taa au punguza nguvu yake, kisha uirudishe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Tumbawe lililopauka lote, hata sehemu za kivulini, limepata joto kali au njaa. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, chumba huweza kupita nyuzi 30 mchana. Kwa bahati njema ukavu uleule unaotuchosha kwa kujazia maji hutusaidia hapa, kwa kuwa kila lita inayovukizwa hubeba joto la karibu uniti 0.68 za umeme. Feni mbili ndogo zinazopuliza juu ya tangi la chini zinatosha kushusha nyuzi mbili hadi tatu, jambo ambalo mtu wa pwani mwenye hewa ya mvuke hulipata kwa shida.

Tumbawe lililogeuka kahawia limekosa mwanga au limezidiwa na naitreti na fosfeti. Kwa taa za kujiundia, futa vumbi kwenye mapezi ya bamba la kupozea na kwenye feni yake kabla ya kufikiri kwamba balbu zimechoka. LED inayochemka hufifia taratibu bila mwenyewe kugundua.

Usiku wa Julai shida ni kinyume. Tumia vipasha joto viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, kwa sababu kimoja kikikwama kikiwa kinawaka hakina nguvu ya kuchemsha tangi, na kikifa, mwenzake huzuia baridi isishuke ghafla.

Nyama inabanduka kwenye mfupa

Ikianzia chini na kupanda polepole, pima ualkali kwa siku tatu mfululizo, saa ileile. Ukishuka kutoka dKH 9 hadi 7.5 ndani ya siku hizo, matumbawe yanajenga mifupa kwa kasi kuliko unavyorudisha. Bikaboneti ya soda safi, ile ya kuokea isiyochanganywa na kitu, gramu 21, hupandisha lita 700 kwa dKH moja. Iyeyushe katika maji ya RO na kuimimina taratibu mahali penye mkondo, bila kupita dKH moja kwa siku. Maji yakigeuka meupe kama ya mchele, umemimina haraka mno. Magadi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage, hayafai hata kama jirani atakuambia ni kitu kilekile, kwa sababu yana chumvi nyingine, floridi ikiwamo.

Ualkali ukikataa kupanda ingawa unatia soda, pima magnesiamu. Ikiwa chini sana ya miligramu 1,250 kwa lita, kalisi na ualkali hukamatana na kutuama kama chokaa kwenye pampu badala ya kukaa majini.

pH imepita 8.6 na haishuki

Chanzo karibu kila mara ni mawe ya saruji yaliyoundwa nyumbani, ambayo hayakukaa kwenye maji muda wa kutosha. Saruji hutoa chokaa kwa wiki nyingi. Yaloweke katika pipa, ubadilishe maji kila siku chache, na usiyaingize tangini mpaka maji yaliyokaa nayo siku tatu yabaki na pH ya kawaida. Ninayapendelea mawe haya licha ya usumbufu wake. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na mwamba wa bahari si machimbo ya kokoto. Vipande vya kuanzia vitoke kwenye tangi la mfugaji mwingine.

Sakafu imelowa

Uliza ni lini. Ikilowa umeme unapokatika, bomba la kurudisha limegeuka kuwa mrija wa kunyonya. Kila sentimita tatu za maji zinazoshuka katika tangi la juu ni zaidi ya lita 31, na tangi la chini lazima liwe na nafasi hiyo pamoja na maji ya ndani ya mabomba. Toboa kitundu cha milimita 4 kwenye bomba hilo, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili livute hewa na kukata mnyonyo. Kisafishe kila mwezi, maana konokono hukipenda. Kisha zima pampu kwa makusudi, subiri maji yatulie, na kuchora mstari wa juu kabisa unaoruhusiwa.

Ikilowa wakati wote, kausha kingo na kuzungushia karatasi ya chooni. Unyevu unaoacha unga mweupe sehemu ya juu ni chumvi inayotambaa kutokana na matone, nayo hufutwa tu. Karatasi ikilowa kwenye kiungo cha chini, silikoni imeachia. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani, hivyo tangi humwagwa, silikoni yote ya kiungo hicho hukwanguliwa kwa wembe, na kiungo hujazwa upya kwa silikoni safi isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, ile ya mabafuni ikiwa ndiyo ya kuepuka. Kabla ya kurudisha maji, weka pimamaji ya fundi juu ya stendi uone kama imelala sawa. Mzigo wa tangi hili na maji yake unapita kilo 700, na stendi iliyopinda milimita chache itapasua kiungo kilekile tena.

Ukisikia mwasho wa umeme kidoleni unapogusa maji, usiutafute kwa mkono. Zima swichi kuu, chomoa kila kifaa, kisha uvirudishe kimoja kimoja ukipima kwa mita, na kifaa kilichopasuka kisiunganishwe kwa gundi. Waya wote ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kwake, ili tone la maji lianguke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi, na mfumo mzima ufungwe nyuma ya swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja.